Nimelipenda gari la turbo, kaka yangu fundi hataki hata kulisikia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38. Najua watu wanakuandikia mambo mazito ya ndoa na watoto, nami nakuja na habari ya gari. Lakini gari hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na limenikosanisha na kaka yangu, kwa hiyo nimeona niandike tu.

Gari nililonalo lina miaka 17. Ni dogo, cc 1000, halina turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu. Nililinunua likiwa limeshachoka, nami nimelichosha zaidi. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 7, na kwa safari hizo halinisumbui. Linaponishinda ni kwenda kwa mama. Mama anaishi juu mlimani, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Kila mwezi naenda kwake, kilomita 130, namteremsha kliniki ya magoti iliyoko bondeni, kisha tunapanda tena. Kilomita 30 za mwisho ni mlima mtupu na kona.

Miezi minne iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka kliniki. Mbele yetu kulikuwa na lori la magogo, linatambaa, linatoa moshi mweusi. Nyuma yangu magari kama saba. Aliyenifuata akapiga honi. Nikavumilia. Akapiga tena, ndefu. Niliona aibu, Shangazi. Barabara ilipofunguka kidogo nikaingiza gia ya pili, nikatoka, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikapiga kelele, gari halikwenda. Nilikuwa usawa wa katikati ya lori nilipoona taa za basi kwenye kona. Magogo yalikuwa karibu na dirisha la mama kiasi kwamba niliona gome linavyobanduka. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alifunga breki akaniachia nafasi nikaingia mbele yake. Mama alikuwa ameng'ang'ania mpini ulio juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Hakusema neno hadi tulipofika. Alipoteremka akasema, "Mwanangu, gari hili limechoka." Mwezi uliofuata akanipa sehemu ya pensheni yake niongezee kwenye akiba yangu.

Nimezunguka sana. Nimepata Volkswagen Polo ya 2018, yenye injini ya 1.0 TSI ya turbo, nguvu za farasi 95, otomatiki. Si ile ya chini isiyo na kitu, si ile ya juu yenye mbwembwe, ni ya katikati. Imetembea kilomita 68,000. Muuzaji aliniruhusu niijaribu kwenye kilima. Sikuwa nimekanyaga sana, nikasikia mgongo unasukumwa kwenye siti, kilima kimekwisha. Nilijikuta natabasamu peke yangu.

Kwa fedha zinazokaribiana nimepata pia Honda Jazz ya 1.3, ambayo kwingine huitwa Fit, na Mazda2 ya 1.5. Zote mbili hazina turbo, zote otomatiki. Kwenye karatasi Jazz ina farasi 102, yaani inaizidi Polo, lakini kwenye kilima kilekile ilikuwa inapiga kelele tu. Sielewi hesabu hiyo.

Kaka yangu ni fundi wa magari, zaidi ya miaka 20. Nilipomwambia kuhusu Polo alikuwa chini ya gari la mtu. Akatoka, akafuta mikono, akasema, "Ukinunua turbo usiniletee hapa." Kisha mbele ya vijana wake akaniambia nataka gari la mbio. Niliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa ujumbe wa simu tu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Kitabu cha sevisi cha hiyo Polo kina mihuri mitatu ya mwanzo, halafu kuna pengo la miaka miwili na kilomita kama 31,000, halafu mhuri mmoja wa mwisho. Muuzaji anasema mwenye gari alikuwa anafanya sevisi mwenyewe nyumbani. Natamani kumwamini.

Je, turbo ni ugonjwa kama anavyosema kaka? Nifuate moyo wangu au nimsikilize yeye? Fedha za mama zimo humo, Shangazi. Nikikosea, nakosea na zake.

Binti wa Mlimani

*

Marahaba mwanangu,

Hujakosea kuandika. Gari linalompandisha mama mlimani ni jambo zito, na barua yako nimeisoma mara tatu. Naona umeleta mafundo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: kuna gari, kuna kaka, na kuna siku ile ya magogo. Ukivuta moja, mengine yanakaza. Ngoja nijaribu kuyalegeza moja moja, nikianza na lile la hesabu ya farasi, kwa sababu hapo una haki yako na nataka uipate.

Mwili wako haukukudanganya kwenye kile kilima. Farasi zinazoandikwa kwenye karatasi hupimwa injini ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa. Zile 102 za Jazz zinapatikana kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mahali ambapo dereva wa kawaida hafiki ila akibanwa. Kinachokusukuma mgongo unapopanda ni nguvu ya kuvuta, ile inayoandikwa kwa Nm. Jazz ya 1.3 ina Nm 123, na inazifikia kwenye mizunguko 5,000. Mazda2 ya farasi 90 ina Nm 148, kwenye 4,000. Polo hiyo ina Nm 175, na zote ziko tayari kabla mizunguko haijafika 2,000. Kwa hiyo ulipokanyaga kidogo ukazikuta zinakungoja.

Zinatoka wapi, kwenye kiinjini cha silinda tatu na cc 999? Moshi unaotoka kwenye injini unapita kwenye kigurudumu chenye mapanga. Kigurudumu hicho kimeungwa kwa mhimili na kingine upande wa pili, kinachovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi inaweza kuchomwa vizuri, na nguvu inaongezeka. Hiyo ndiyo turbo. Mtu aliyeandikisha wazo hili, Alfred Büchi wa Uswisi, alifanya hivyo mwaka 1905. Si mtindo wa jana.

Tena kwa mama ni juu. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Kwenye mita 1,900 imepoteza karibu moja ya tano. Zile Nm 123 za Jazz zinabaki kama 100. Turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo mtu akikuambia umelipenda gari kwa sababu ya mbio, unaweza kumjibu kwa utulivu kwamba umelipenda kwa sababu ya mlima.

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Hilo gari litaishi wapi?

Ukienda kazini siku 22 kwa mwezi, unaliwasha likiwa baridi mara 44, kilomita 7 kwenda na 7 kurudi. Safari ya mlimani ni moja. Wewe unanunua gari ukiwa na mlima kichwani, na hofu yako naielewa, lakini siku zake nyingi gari hilo litakuwa linakwenda kazini na kurudi. Na safari fupi ndizo zinazoisumbua injini ya aina hii. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikiwa bado baridi, sehemu ya petroli hiyo hujipaka kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Unyevu nao hujikusanya. Injini ikipata joto kwa muda mrefu, vitu hivyo hukauka na kutoka. Kwa kilomita 7 mara nyingi havipati nafasi hiyo, na oili inakuwa nyepesi polepole bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Mazda2 nayo hupuliza petroli kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo haijaepuka kabisa. Tofauti ni kwamba haina turbo inayoitegemea oili hiyo.

Maana mhimili wa turbo unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, ukizunguka mara zaidi ya 200,000 kwa dakika kwenye turbo ndogo kama hizi, huku upande mmoja ukiwa umeungua kwa joto la moshi. Oili ikichakaa, ikipungua, au ikiwa ya aina isiyofaa, mahali pa kwanza kuumia ni hapo. Ndiyo sababu pengo la kwenye kitabu cha sevisi linanisumbua kuliko neno turbo lenyewe. Nadhani linakusumbua na wewe pia, kwa sababu ndilo jambo pekee ulilolificha. Kaka hukumwambia. Mama hukumwambia. Umeniambia mimi mwishoni kabisa mwa barua, kama mgonjwa anayetaja maumivu yenyewe akiwa ameshika kitasa cha mlango. Wewe ni muuguzi, umewaona wagonjwa wa namna hiyo.

Sisemi muuzaji ni mwongo. Wako watu wanaobadilisha oili wenyewe tena kwa uangalifu kuliko gereji. Lakini mtu wa hivyo huwa na alama zake. Anajua aina ya oili aliyotumia bila kufikiri. Ana risiti za filta, au dumu lililobaki nusu stoo. Mwombe muuzaji akuunganishe na mwenye gari wa zamani, umuulize maswali mawili tu: uliweka oili gani, na kila baada ya kilomita ngapi. Kwenye kitabu cha gari imeandikwa oili inayokubalika kwa injini hiyo, uwe umeisoma kabla ya kupiga simu. Injini ndogo za turbo za petroli zina tatizo la mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati zikibebeshwa mzigo kwenye mizunguko midogo, na mlipuko huo unaweza kupasua pistoni. Aina ya oili inachangia. Ndiyo maana Wamarekani kupitia American Petroleum Institute walileta daraja la oili la SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020, yenye kipimo cha tatizo hilo. Mtu aliyeweka oili yoyote iliyokuwa karibu hakuwa anafanya sevisi, alikuwa anajaza tu.

Asipopatikana, au akikujibu kwa kubabaika, pengo litabaki pengo. Hapo una njia mbili, na zote zina gharama yake. Unaweza kulichukua gari kwa bei iliyoshushwa, ukiwa umetenga fedha za turbo pembeni na hutazigusa kwa lingine. Au unaweza kuiacha hiyo Polo bila kuiacha turbo. Usinichoke, hili ni muhimu: umeandika kana kwamba Polo hiyo moja ndiyo turbo zote. Zipo nyingine zenye kitabu kilichojaa. Ipo pia Suzuki Swift ya 1.0 Boosterjet, silinda tatu na turbo vilevile, farasi 111, gari jepesi kuliko Polo. Buti yake ni ndogo, lita 265 dhidi ya 351 za Polo. Na Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari, walipoipima mwaka 2017 Swift ya kawaida ilipata nyota tatu, nne ikiwa na vifaa vya ziada vya usalama, wakati Polo mwaka huohuo ilipata tano.

Kuna giaboksi pia, ambayo hukuitaja zaidi ya kusema otomatiki. Otomatiki za magari haya hazifanani. Ya Polo hiyo ina gia saba na klachi mbili kavu zinazobadilishana kazi, kompyuta ndiyo inayozikanyaga badala ya mguu wako. Ikishika mwendo ni tamu na haipotezi nguvu. Isichopenda ni kutambaa. Ukiwa nyuma ya lori la magogo, kilima kikali, unasogea hatua na kusimama, hatua na kusimama, klachi hizo zinasuguana na kupata joto. Unaweza kuisaidia: acha nafasi mbele yako, shika breki, sogea ukipata mita kadhaa badala ya kuning'inia kwenye mafuta. Mazda2 ina otomatiki ya kawaida ya gia sita, inayovumilia kutambaa vizuri zaidi, na Swift niliyoitaja ni hivyohivyo. Jazz ina ile isiyo na hatua za gia, mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili.

Na hapo ndipo nataka kuitetea Jazz kidogo. Ulisema ilikuwa inapiga kelele tu. Je, ilikuwa haipandi, au ilikuwa inapanda kwa kelele? Giaboksi ya aina hiyo ukikanyaga sana huipeleka injini moja kwa moja kwenye mizunguko mikubwa na kuishikilia hapo, kwa sababu hapo ndipo nguvu ilipo. Sauti haipandi na kushuka kama ulivyozoea, inabaki juu moja kwa moja, na sikio linasema gari linateseka. Haliteseki, limetengenezwa hivyo. Lakini mtu aliyesikia injini ikilia hivyohivyo akiwa usawa wa magogo, na mama yake pembeni, hawezi kuisikia kelele hiyo kwa sikio tupu. Nadhani ulipoijaribu Jazz ulirudi mlimani kwa muda. Ningependa uijaribu tena, safari hii ukitazama kipima mwendo badala ya kusikiliza, ukiwa na mtu mzima mwingine ndani ya gari. Kadhalika Mazda2: iteremshe gia mwenyewe kabla ya kilima, usingoje ichoke katikati.

Mpeleke na mama. Hili nashangaa hakuna aliyelisema katika familia nzima. Mtu mwenye maumivu ya magoti ndiye abiria mkuu, na barua yote haielezi anaingiaje garini. Jazz ni ndefu kwenda juu kuliko Polo na siti zake ziko juu kidogo. Mtu anakaa, hadondoki. Tangi lake la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti za nyuma zinakunjika kwenda juu na kuacha nafasi ya kusimamisha hata kitembezi cha mgonjwa. Huenda yeye akaipenda Polo, sijui. Aingie na kutoka mara mbili kwenye kila gari, na wewe mtazame uso, maana kina mama wa umri wake hawasemi maumivu.

Nije kwa kaka yako. Umeandika kwamba kaka hataki turbo. Alichosema ni "usiniletee hapa". Mimi naona maneno hayo mawili hayalingani. Fundi wa miaka 20 amekutana na magari ya turbo yakiwa yameletwa kwake siku ya mwisho: yanatoa moshi wa bluu, oili haijabadilishwa tangu yanunuliwe, mwenye gari analia bei ya spea. Yale yanayotunzwa hayaonekani gerejini kwake. Amejifunza kutoka kwa wagonjwa, kama wewe unavyoweza kuanza kuamini kwamba kila homa ni kali kwa sababu walio na homa hafifu hubaki nyumbani. Hilo moja. La pili, yeye anajua kwamba gari lako likiharibika halitakuwa la mteja. Atalitengeneza usiku, bila malipo, na kama vifaa vya kusoma kompyuta ya gari hilo hana, ataaibika mbele ya dada yake. Sina hakika kama ndivyo anavyohisi. Lakini hujamuuliza.

Kukuita mpenda mbio mbele ya vijana alikosea, na una haki ya kumwambia kwamba uliumia. Mwambie mkiwa wawili. Mweleze na habari ya magogo, maana sioni mahali ulipoandika kwamba anaijua. Kama haijui, yeye anadhani mnabishana juu ya ladha ya gari, wakati wewe unazungumzia siku ambayo nusura mpoteze mama.

Kisha mpe kazi badala ya kumwomba ruhusa. Mwonyeshe kitabu cha sevisi chenye pengo, umuulize: "Kaka, lingekuwa la mteja ungeangalia nini?" Nina hakika atajua. Atataka kuliwasha asubuhi likiwa baridi kabisa, na atakasirika akilikuta limeshapashwa moto na muuzaji. Ataangalia moshi wa mwanzo. Atafungua kifuniko cha oili kuona kama kuna tope jeusi la oili limegandamana. Atalegeza bomba la hewa baada ya turbo: unyevu mwembamba wa oili ni kawaida, oili iliyotuama si kawaida. Atasikiliza kama kuna mluzi unaopanda kama king'ora. Ataunganisha kompyuta asome kumbukumbu za hitilafu. Ataangalia mkanda wa taiming, ule unaoziendesha vali za injini kwa wakati wake, kwa sababu injini hiyo inatumia mkanda, wakati Jazz na Mazda2 zinatumia cheni. Akisema gari ni zima, atakuwa amelikubali kwa mikono yake. Akisema bovu, utakuwa umelikataa kwa sababu unayoiona kwa macho, badala ya kulikataa kwa hasira au kulinunua kwa hasira, na hilo la pili linanitia wasiwasi zaidi.

Ukiishia kwenye turbo, ya Polo hiyo au nyingine, maisha yako yatabadilika kidogo na ni vizuri ujue sasa. Oili kwa tarehe, hata kama kilomita hazijafika. Ukifika kwa mama baada ya kupanda, unaiacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta dakika moja hivi kabla ya kuizima, wakati yeye anatafuta fimbo yake. Hulilazimishi kupanda kwenye gia kubwa kwa mizunguko midogo. Siku moja moja za mapumziko unalitoa nusu saa barabarani lipate joto. Na usitegemee sana kile kiwango cha mafuta kilichoandikwa kwenye tangazo. Injini ndogo yenye turbo inakula kidogo ukiwa mpole, ila ukiitumia ile nguvu uliyoipenda nayo inadai chakula chake. Ukiishia kwenye Jazz au Mazda2, utapanda kwa kelele zaidi na utayapita malori machache zaidi, na sehemu zinazoweza kuharibika zitakuwa chache. Ukiamua kungoja miezi mitatu upate gari lenye kitabu safi, utakuwa bado na hili la miaka 17, na hapo ningekuomba mama asipande nalo mlima huo. Tafuteni usafiri mwingine kwa miezi hiyo.

Nimeiacha honi mwisho kwa sababu sikutaka uisikie kama lawama. Uliandika, "Niliona aibu." Ulikuwa umevumilia ya kwanza, ikaja ya pili, ndefu, ukatoka. Gari lilikosa nguvu, hilo kweli. Lakini uamuzi wa kutoka pale aliufanya mtu wa nyuma yako, ambaye hakuwa na mama yako garini na hakuiona kona. Gari lenye nguvu lingekuvusha siku ile, na kwa hilo naitetea turbo bila kusita. Siku nyingine kona itakuwa fupi zaidi, na honi itakuwa ileile. Ninachotamani ni uchague gari ukiwa umeshajisamehe kwa siku ile, ili usimnunulie yule wa nyuma gari. Ongea na mama juu yake. Alishika mpini akanyamaza hadi nyumbani, kisha akalilaumu gari. Nadhani alifanya hivyo ili asikulaumu wewe, na huenda na yeye anangoja mlizungumze.

Mpigie kaka simu, si ujumbe. Mwambie asubuhi gani mnaweza kwenda kuliwasha likiwa baridi. Halafu niandikie tena: mwenye gari wa zamani alijibu nini kuhusu oili, na mama alikaaje kwenye kila siti.

Shangazi yako